Mlango wa Chini

Asubuhi ile Rula aliposhuka garini, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa mama mkwe wake mtarajiwa, ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya nyumba ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Kajitanda mtandio, mkoba kaupakata, miguu kaiweka pamoja kama mwenyeji anayesubiri wageni. Nyumba yenyewe ilikuwa vigingi vya mbao na kamba nyeupe, na chokaa iliyomwagwa chini kuonyesha kuta zitapita wapi. Juu mbingu, chini majani yenye umande. Lakini mama alikuwa ameshahamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Pitia mlangoni basi, usiniruke kamba zangu."

Rula alizunguka, akaingia pale palipoachwa nafasi ya mlango. Utacheka, lakini kanuni hiyo aliiweka mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba za watu kwenye viwanja vya mlimani, vile ambavyo wachoraji wenzake huvikimbia. Wengine wakipewa mteremko huita katapila kwanza, mlima ukachongwa ukawa meza, ndipo washike kalamu. Yeye aliiacha nyumba ishuke pamoja na mlima: sebule juu usawa wa barabara, vyumba chini yake. Na hakuna koleo lililogusa ardhi kabla wenye nyumba hawajatembea ndani ya kamba. Fungua mlango. Weka mkoba. Umeamka, una kiu, unapita wapi? Mafundi walimcheka, wakaziita nyumba za hewa, na yeye wakambatiza Rula, jina likamganda hata kwao. Lakini wangapi waliokoka humohumo kwenye kamba! Bwana mmoja aligundua kwamba kila atakayekaa mezani kula atakuwa anatazamana na mlango wa choo.

Safari hii nyumba ilikuwa yake. Yake na ya Daktari. Kadi za harusi zilikuwa zimeshatoka.

"Nimekaa hapa tangu jua halijapanda," mama alisema. "Naona kila anayepita barabarani. Na wao wananiona. Nyumba ni hii, si yale mapango mnayowachorea watu siku hizi."

"Umependa, mama?"

"Nimependa. Magoti yangu yamependa zaidi."

Rula alitabasamu, akaanza kushuka kwenda kumtafuta fundi. Timazi alikuwa chini, anafunga kamba ya mwisho huku anapiga mluzi. Fundi mzuri, mdomo mwepesi, asiyejua kunyamaza mahali penye jambo la kunyamaziwa.

"Bibi harusi huyo!" alisema. "Njoo uone chumba chako. Nimekivuta sawasawa, hata mbu akipita atapima."

Rula alikitazama chumba. Akatazama ubavuni, upande ambao mlima ulikuwa umepanda kama bega. Hapo ndipo ngazi ya nje ilitakiwa iteremke kutoka barabarani mpaka kwenye mlango wa chini. Hapakuwa na vigingi vya ngazi. Hapakuwa na nafasi ya mlango. Kamba ilipita moja kwa moja, imekazwa.

"Timazi, mlango uko wapi?"

"Mlango upi?"

"Wa chini."

Mluzi ulikatika. "Si Daktari alinipigia simu? Kasema niutoe. Kasema mmekubaliana."

Mmekubaliana. Rula alilisikia neno lile likiingia, akasubiri limchome. Halikumchoma. Alisimama na rula yake mkononi, vidole vimekufa ganzi kana kwamba vilikuwa vya mtu mwingine, akasema tu, "Sawa." Timazi alimtazama, akaona afadhali akafunge kamba za upande wa pili.

Ngoja nikuambie habari ya mlango huo, kwa sababu bila hiyo utamwona Rula mtu wa kukuza mambo. Mlango ule hakuuomba yeye. Aliuomba Daktari.

Daktari alikuwa daktari wa ng'ombe na mbuzi. Jitu la miraba minne, anayeweza kumshika fahali pembe akamwambia tulia, na fahali akatulia. Siku ya kwanza aliingia ofisini kwa Rula na mabuti yenye tope, akabaki mlangoni asichafue sakafu, akasema, "Nimeambiwa wewe ndiye unayejenga mahali ambapo hata mbuzi anateleza." Rula alicheka mpaka akaangusha kalamu. Walipokuja kukiona kiwanja, Daktari alikaa kwenye majani hapahapa, akanyoosha mkono ubavuni. "Hapa nataka mlango," alisema. "Mimi narudi kazini nanuka zizi zima. Nisipite sebuleni kwa watu. Niteremke huku pembeni, nibishe, na anayenifungulia..." Akamtazama Rula mtazamo mrefu ambao haukuhusu ujenzi hata kidogo. "Awe wewe." Rula, ambaye hakuwa mke wa mtu wala mchumba wa mtu, aliuchora ule mlango palepale.

Ndio huo sasa umetolewa kwa simu.

Daktari alitokea juu, akateremka kwa hatua za kuchagua. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lile la bluu analojua Rula analipenda. Kwa kawaida angeanza kutabasamu akiwa mbali. Leo aliangalia miguu yake mpaka alipofika.

"Mpenzi wangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Nilitaka nikwambie..."

"Timazi ameshaniambia."

Alishusha pumzi, na kilichoonekana usoni pake kilikuwa nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo na mpita njia. "Ni mama," alisema.

"Mama alisema nini?"

"Unamjua mama."

"Namjua. Nakuuliza alisema nini. Maneno yake."

Daktari alikuna shingo. "Hakusema. Nilimwonyesha ramani, nikamwonyesha mlango wetu. Akatazama. Akanyamaza. Mama akinyamaza mimi najua kuna nini." Akapunguza sauti, ingawa mama alikuwa mbali. "Nyumba tuliyokulia ilikuwa na mlango wa mbele na wa nyuma. Baba alikuwa akitokea wa nyuma. Alikuwa na kwake kwingine, sisi hatujui. Siku aliyotoka asirudi tena, mama alipika, akapakua, akaketi kumngoja. Mlango wa pili kwake ni kidonda, Rula. Sikuweza."

"Pole," Rula alisema, na alimaanisha. Alimwonea huruma yule mama na sahani yake mezani. Huruma hiyo nayo aliiona kwa mbali, kama taa ya nyumba ya jirani. "Na mimi hukuweza kuniambia?"

"Ningekwambia leo."

"Nimeiona kwenye kamba."

"Sasa tugombane kwa ajili ya mlango?" Alimshika mkono. Mkono ule mkubwa, wa joto, ambao siku nyingine ungemyeyusha. "Tutauweka baadaye. Tukishaoana, mama akishazoea, tunautoboa tu. Mlango ni kitu gani?"

"Hapa hautoboki." Rula aliongea kama anavyoongea na mteja yeyote, na hilo lilimtisha mwenyewe. "Huu ukuta wa ubavuni ndio utakaouzuia mlima. Ngazi ikichimbwa leo, udongo unapewa ukuta wake na nyumba inakuwa na wake. Isipochimbwa leo, mlima unaegemea chumba chetu. Ukija kuutoboa, barabara inakuja kulala na sisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanyeje ukishajenga ukuta wenyewe."

"Basi tutaishi bila mlango. Watu wangapi wana mlango mmoja?"

"Wengi. Njoo tutembee."

"Rula..."

"Kila mteja anatembea. Njoo."

Walisimama chumbani, pale kitakapokuwa kitanda. "Tumeamka," Rula alisema. "Ni asubuhi ya kupumzika. Tunatoka, mimi na wewe. Haya, nitoe."

Daktari alicheka kidogo, akapita uwazi wa mlango wa chumba, akashika korido. Wakapanda mteremko palepale ambapo ngazi ya ndani ilichorwa kwa chokaa, Rula nyuma yake. Ngazi iliishia sebuleni. Sebuleni alikuwepo mama.

"Mnakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Dukani tu, mama," Daktari alijibu. "Tunarudi sasa hivi."

"Mniletee sukari. Na wewe mwanangu, hilo gauni ndilo la kuendea dukani?"

Timazi aliyekuwa ameshika kigingi alikiachia, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Mama naye akacheka, mtandio ukamwanguka begani. Daktari akacheka, machozi yakamtoka. Duka liko wapi? Sukari ya nini? Walikuwa wamesimama kwenye majani! Rula naye mdomo ulicheka, kwa sababu kwa kweli ilichekesha. Lakini alikuwa amemtazama Daktari usoni wakati anajibu. Hakuwa akitania. Swali liliulizwa, naye akatoa maelezo kabla hajakumbuka kwamba hakuna nyumba.

Kule chini kwenye lami ikasikika ngurumo ya katapila likipanda mlima. Rula alimvuta Daktari pembeni, nje ya kamba.

"Linakuja," alisema. "Likianza, ndiyo basi. Nenda kamwambie."

"Sasa hivi? Mbele ya mafundi?"

"Sasa hivi. Sikuombi umfukuze mama. Simchukii. Nimemchorea sebule nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Nakuomba umwambie sentensi moja: mama, tunautaka mlango wetu. Tu-na-u-taka. Usimwambie Rula anautaka. Akikasirika, mimi nitakuwa nimesimama na wewe."

Daktari alimtazama, na macho yake yalijaa mapenzi. Hilo nisimnyime. Alimpenda yule mwanamke, kila mtu aliliona, hata mbwa wa jirani. "Sawa," alisema. "Naenda."

Alienda. Rula alimwona anainama mbele ya kiti, anachuchumaa, anamshika mama yake magoti. Akaona mdomo unafunguka. Mama anasema kitu. Daktari anaitikia kwa kichwa. Mama anasema tena. Daktari anasimama, anarudi.

"Umemwambia?"

"Anasema anasikia baridi. Nilete koti garini kwanza, halafu nitamwambia."

Akapita, akaenda kuchukua koti.

Na mpenzi msomaji, ikiwa unangoja kilio, hapakuwa na kilio. Rula mwenyewe alikingoja. Alitegemea moyo upasuke kama anavyosikia kwa watu. Badala yake palikuwa kimya ndani yake, kimya cha nyumba iliyohamwa, unaona mahali kabati lilipokuwa, basi. Katapila lilifika, likazima, dereva akatoa kichwa.

"Nianzie wapi, wakubwa?"

Timazi alimtazama Rula. Daktari alikuwa anafunga mlango wa gari, koti begani.

"Fuata kamba zilivyo," Rula alisema. Kisha akamgeukia Timazi. "Na kile chumba cha chini, punguza. Upande wa kabati la pili uwe stoo."

"Kabati la pili si lako?"

"Lilikuwa langu."

Timazi alichukua mfuko wa chokaa, akateremka bila mzaha wowote.

Rula hakuwa mtu wa kuondoka kwa mkwe bila kuaga. Alipitia mlangoni, akasimama mbele ya kile kiti, akainamisha kichwa. "Mama, nimekuja kukuaga. Nyumba yenu itakuwa nzuri. Mhimizeni Timazi asisahau mitaro ya maji ya mvua."

"Yenu?" Mama alimkazia macho. "Yenu na nani? Wewe unakwenda wapi?"

"Nyumba ya mlango mmoja mimi siiwezi, mama. Unisamehe. Si kwa ubaya."

"Mlango gani tena?" Mama aliuweka mkoba chini. "Wa chini? Si umeufuta mwenyewe? Huyu aliniambia Rula ameufuta, mvua ikinyesha ngazi itateleza. Nikasema haya, ndiye mwenye kujua."

Hapo Daktari alikuwa ameshafika, koti limening'inia mkononi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa wizi mikononi.

"Mama, ulipoiona ramani ulinyamaza," Daktari alisema polepole.

"Nilinyamaza kwa sababu sikuvaa miwani! Nitasema nini juu ya vimistari?" Mama alisimama, magoti na yote. "Ulidhani nini? Ulidhani mimi nitamfungia mke wa mtu ndani kwa sababu ya baba yako?"

"Ulituambia habari ya mlango wa nyuma..."

"Nilikuambia ujue! Nilikuambia usije ukamfanyia mtu hivyo! Mtu mzima hovyo!" Alihema. Akamgeukia Rula, na sauti ikalainika. "Mwanangu, angeniuliza, pengine ningenuna. Sisemi uongo. Ningenuna siku mbili, ya tatu ningeuliza chakula kipo. Nimezoea makubwa mimi." Kisha akapaaza sauti kuelekea kwa dereva. "Wewe baba! Simamisha hilo dubwana! Kuna mlango hapa!"

Ukachimbwa. Timazi alipiga vigingi vya ngazi kwa mbio, kamba ikakatwa na kuvutwa upya, meno ya katapila yakala ubavu wa mlima na udongo mwekundu ukateremka. Rula alibaki kusimamia, kwa kuwa kazi ni kazi. Alipima upana wa ngazi, akamwambia dereva aongeze kidogo upande wa mlima, akarudia kupima. Ilikuwa njia nzuri kweli, pana ya watu wawili kuteremka wameshikana mikono. Aliitazama vizuri, akangoja furaha ije. Haikuja.

Alipokuwa anafuta udongo kwenye viatu, Daktari alimjia. Alikuwa na lile tabasamu lake la mbali, limerudi.

"Umeona? Mlango umepatikana. Timazi nimemwambia na kabati lako alirudishe."

"Asilirudishe."

"Rula, mlango si ule pale? Kuna nini tena?"

"Kaurudisha mama yako."

"Si hicho ulichotaka?"

"Nilitaka unipe wewe." Alisema bila ukali, na sauti yake mwenyewe ilimfikia kama ya mtu wa chumba cha pili. "Mimi ulinidanganya kwamba mama hataki. Mama ukamdanganya kwamba mimi nimefuta. Sisi wote wawili tungekubali. Hukutuuliza hata mmoja. Kesho kutakuwa na jambo lingine, mtoto ataumwa, mimi nitasafiri kikazi, na nitakuwa nasubiri kujua nimekubali nini."

"Niliogopa."

"Najua."

"Nakupenda."

"Hilo pia najua. Na mimi nakupenda, usidhani vinginevyo. Ndiyo maana nimesimama hapa mpaka saa hizi."

Jitu lile zima, mabega yameshuka, mikono haijui iwekwe wapi. "Basi niambie nifanye nini," Daktari alisema. "Niambie tu, Rula. Chochote."

Ilikuwa sauti ya kweli, yenye maumivu ya kweli, na siku nyingine Rula angempa jibu, angelichora kabisa kwa rula na kipimo.

"Hilo sikwambii," alisema.

Alipanda kwa ngazi mpya ya udongo, ya nje, mpaka barabarani. Akaingia garini, akawasha. Mikono kwenye usukani haikusikia kitu. Hakuondoka mara moja. Alishusha kioo cha dirisha mpaka chini, akakaa, maana hata akiwa na ganzi mwili mzima alitaka hicho kimoja: Daktari atoke mwenyewe, apande, aje asimame hapa dirishani na neno lolote, hata la kipumbavu, mradi liwe lake. Angezima gari. Anaapa angezima gari.

Alitazama kwenye kioo cha pembeni. Daktari alikuwa amesimama palepale alipomwacha. Hakuwa anatazama barabarani. Alikuwa amemgeukia mama yake.

Rula akaondoa gari.